Baraza la Bi Mkubwa: Nizeekee wapi, Lamu au Malindi?

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke, na mwezi wa nane mwakani nafikisha miaka 60. Sikuolewa, wala sikujaaliwa mtoto. Kwetu ni Wundanyi, lakini nimefundisha na kuishi Voi tangu ujanani, na nina nyumba yangu ya vyumba viwili pale Birikani. Nimeambiwa pensheni yangu itakuwa karibu Sh24,000 kwa mwezi, mbali na kiinua mgongo. Presha ninayo, dawa nameza kila siku. Magoti bado yananibeba.

Tangu nilipopeleka wanafunzi Lamu kwa ziara nimekuwa nikisema nitazeekea kando ya bahari. Sasa siku imekaribia na kila mtu ana lake. Kaka yangu anataka nirudi Wundanyi nijenge kwenye kiwanja cha marehemu baba. Mwalimu mwenzangu aliyestaafu ananishauri ninunue ekari moja huko Malindi, ndani ndani, bei bado iko chini, nifuge kuku. Mimi roho yangu iko Lamu, ila naogopa. Voi nimeichoka: joto, vumbi, maji ya mgao, na ndovu wasiojua mpaka. Je, niuze nyumba yangu ninunue huko baharini? Mimi ni Mkatoliki, sina ndugu hata mmoja Lamu wala Malindi. Peke yangu nitaweza?

Mwalimu, Voi

* * *

Marahaba, Mwalimu.

Utaweza. Hilo tulimalize kwanza. Mimi ni mjane, wanangu wako mbali, na naishi peke yangu hapa Malindi, mtaa wa Barani, vyumba viwili na ua wa kuanikia nguo. Niliuguza watu miaka mingi kabla sijastaafu, nikaona wazee wenye watoto tisa wakiletwa hospitali na dereva wa tuktuk, na wengine wasio na mtoto wakija na msafara wa majirani mpaka askari wa getini akachoka kuuliza nani ni nani. Kuwa peke yako si ugonjwa. Lakini kunabadilisha namna ya kuchagua mji.

Mwenye watu ndani ya nyumba anaweza kuchagua kwa upepo na mandhari. Wewe chagua kwa swali hili: asubuhi mlango wako usipofunguka, ni nani atakayegundua, na itakuwa saa ngapi?

Mkabala na dirisha langu yuko mama wa mahamri. Jua halijatoka, karai lake liko motoni. Mimi nikishaswali hufungua bawa la juu la dirisha, basi, ndiyo salamu yetu, maana wakati huo ameshazungukwa na watoto wa shule na watu wa tuktuk, hana nafasi ya kunijibu. Asubuhi moja homa ilinishika, dirisha halikufunguka. Kengele ya shule haijalia, huyo mlangoni, ufunguo wangu wa akiba mkononi na unga mpaka kwenye viwiko, ananigombeza kwa nini sikumpigia simu usiku. Yeye si ndugu yangu, na kabila letu si moja. Kodi ninayolipa hapa ni pamoja na huyo, ingawa mwenye nyumba hajui.

Sasa pesa. Shika chaki.

Nyumba ya chumba na sebule, choo na jiko ndani, kwenye mitaa ya watu wa kawaida Malindi kama Barani, Maweni au Muyeye, utatajiwa Sh8,000 hadi Sh12,000, kutegemea nyumba na kutegemea vile dalali anavyokusoma usoni. Tuseme Sh9,000. Chakula Sh7,000, ukila dagaa, mchicha na kunde na kumwachia kuku siku yake. Stima Sh1,500, kwa kuwa Februari na Machi feni haizimwi. Maji Sh800. Dawa Sh1,500. Tuktuk na nauli Sh1,500. Simu Sh500. Sadaka, michango na chama Sh1,000. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya kipato. Wakikupima kwa pensheni yako ni Sh660 kwa mwezi. Jumlisha: Sh23,460. Zimebaki Sh540, na hapo hujanunua kandambili, hujaitwa msibani Wundanyi, na feni haijaungua. Kodi ikiwa Sh7,000 unapumua. Ikiwa Sh12,000 unakula kiinua mgongo kidogo kidogo bila kujijua.

Hiyo SHA ina jambo moja ulijue mapema. Ukiwa kazini wanakukata kila mwezi. Ukishatoka kwenye mshahara unatakiwa ulipe mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa hesabu yetu ni Sh7,920, kwa hiyo itenge kabla ya mwaka kugeuka. Zahanati na kituo cha afya ukishasajiliwa hutibiwa bila kulipia. Mchango wako huulizwa ukifika hospitali kubwa, na uzeeni hospitali kubwa ndiko tunakoelekea sote.

Pensheni yenyewe, tangu mwisho wa Desemba 2024, haikatwi kodi ya mapato kwa aliyefikia umri wa kustaafu. Hilo ni la kushukuru. Lakini usitarajie malipo ya kwanza yaingie mwezi ule ule unaokabidhi ufunguo wa kabati la vitabu. Wapo wanaosubiri miezi, na wapo wanaosubiri mpaka wanadaiwa na duka la mtaa mzima. Anza kukusanya fomu na barua zako mwaka huu, majina kwenye kitambulisho na kwenye faili yafanane herufi kwa herufi, na uwe na akiba ya kula ya nusu mwaka. Zile Sh2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa waliotimiza miaka 70, usiziingize kwenye hesabu. Mwenye pensheni ya serikali hayumo.

Lamu ndiko nilikozaliwa, mtaa wa Langoni, kwa hiyo usinidhanie nina chuki. Ulikuja na wanafunzi ukaona mji usio na magari, ukaona milango ya nakshi na punda wanaopisha watu vichochoroni, ukaambiwa UNESCO waliuandika urithi wa dunia mwaka 2001. Yote kweli. Hukuona ngazi. Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani zina ngazi nyembamba, kila kipandio kinakufika nusu ya muundi, na jiko mara nyingi liko juu kabisa, karibu na paa, ili moshi na joto visiingie ndani. Mtu wa miaka 60 anazipanda akicheka. Wa miaka 75 anaanza kupunguza vikombe vya chai. Nimewaona wazee wangu wakihamia chumba kimoja cha chini, nyumba nzima ya mababu ikabaki juu yao kama mzigo wa mtu mwingine.

Nyumba za chini zipo, Wiyoni, Kashmir, Langoni yenyewe, na kodi yake si ya kutisha ukijulishwa na mwenyeji. Kinachokula pesa Lamu ni maji ya bahari yaliyo katikati. Mtungi wa gesi, gunia la mchele, godoro, hata kabichi: kitu kinatoka bara, kinapanda boti Mokowe, kinashushwa gatini, kisha hamali au punda anakufikishia mlangoni, na kila mkono uliokigusa umechukua chake. Samaki ndiye nafuu, na huyo nakuhakikishia hutamchoka.

Hospitali ipo, King Fahd, na kwa kupimwa presha na kuchukua dawa za mwezi inakutosha. Kazi ni usiku mmoja ule ambao hatuuombi. Kesi nzito hutolewa kisiwani kuletwa Malindi au Mombasa: kwanza boti, halafu barabara ya Witu hadi Garsen, halafu kuteremka. Lami imefika na mchana ni safari nzuri. Lakini ni barabara ambayo nyakati za wasiwasi mabasi husindikizwa na askari, na usiku hakuna anayekimbilia kuipita. Watu wa Lamu hawatakuacha, hilo niandikie popote. Watakubeba kwa machela mpaka gatini na wengine wasikujue jina. Ila ujirani wa Lamu umefumwa kwa nasaba. Swali la kwanza ni wewe wa nani, na jibu lako wewe ni refu. Utapelekewa sinia Ramadhani, utaalikwa arusini, na miaka itapita kabla mtu hajaona ajabu kuwa leo hujatoka. Makanisa yapo, lakini waumini ni wachache, na kwa mtu asiye na ndugu kanisa ndiyo familia ya dharura.

Kwa hiyo Lamu nenda mgeni. Januari, kaskazi ikivuma, au wakati wa Maulidi mji unapojaa mpaka barazani hapana pa kukaa. Chukua chumba wiki mbili, kula mkate wa mofa, rudi. Pensheni haimkatazi mtu kupanda basi.

Malindi si nzuri kama Lamu. Nimeshalisema, wa Malindi wanisamehe. Ni mji wa tuktuk na kelele, wa Wagiriama, Waswahili, Wabajuni, Waarabu, watu wa bara na Waitaliano waliozeekea hapa wakisema Kiswahili cha sokoni kuliko wanangu. Lakini saa nane ya usiku tuktuk unaipata. Hospitali ya serikali iko mjini, zahanati na maduka ya dawa yako kila upande, na Mombasa ni kilomita kama 120 za lami. Wakatoliki mna kanisa kuu la Mtakatifu Antoni na jumuiya ndogo ndogo mitaani, zinazokutana nyumba kwa nyumba. Hiyo jumuiya ndiyo itakayokuwa mama wa mahamri wako mpaka utakapompata wa kweli.

Bahari nayo nikueleze ilivyo, kwa kuwa ndiyo inayokuita. Wakati wa kaskazi mto Sabaki unashusha udongo wa bara, na mkondo unauleta upande wetu. Maji ya ghuba yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kusi ikigeuka unakuja mwani, marundo yake ufukweni, na harufu yake huzoeleki siku ya kwanza. Maji ya bluu ya kwenye kalenda yapo, zaidi Watamu, na siku nyingine hapa hapa, lakini si ya kila ukitaka. Mimi naipenda hivyo hivyo. Jioni natembea mpaka gati, nawatazama vijana wakirusha mishipi, narudi kabla ya magharibi. Hewa yake ya chumvi inakula mabati, pasi, jokofu na vitasa vya milango. Kadiri unavyokaa karibu na pwani ndivyo fundi wa friji anavyojenga kwao.

Maji ya mfereji ya hapa yanatoka Baricho, kwenye mto huo huo Sabaki, na pampu ikileta kisirani mji mzima unashika mitungi. Kwa hiyo mgao wa Voi hujaukimbia. Uliza nyumba ina tangi la juu au haina, na kama kuna kisima, onja maji yake mwenyewe. Vingi ni chumvi; vinafulia, havipiki maharagwe.

Halafu kuna mtego wa msimu. Nyumba za upande wa Casuarina na zile zilizo karibu na ufuo, Mei utaoneshwa kwa bei ya kukutoa machozi ya furaha. Hoteli zimefungwa, mvua inanyesha, mwenye nyumba anataka mtu wa kuwasha taa tu. Ikifika Novemba anakupigia simu kwa sauti tamu: nyumba inahitaji matengenezo. Matengenezo gani? Wageni wa Krismasi. Namjua mstaafu wa benki aliyehamishwa hivyo na sufuria zake wiki moja kabla ya sikukuu, na hakuwa na karatasi hata ya leso. Kama utapanga, mkataba uwe wa maandishi, miezi kumi na miwili, Desemba ndani yake.

Kununua sasa. Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa ndipo kiinua mgongo cha watu wengi kilipozikwa.

Pwani yetu ina kitu ambacho watu wa bara hawakielewi mpaka wameshalipa: nyumba bila ardhi. Katika mitaa ya zamani, Mombasa na hapa, mtu anamiliki kuta na paa, na ardhi iliyo chini ni ya mwingine, anayelipwa kodi ya ardhi. Utauziwa nyumba, kwa haki kabisa, na muuzaji hajakudanganya, hujauliza tu. Kesho warithi wa mwenye ardhi wakiiuza, wewe una matofali. Upande mwingine ni ploti za barua ya mgao, yaani barua tu, hati bado, ploti zenye hati mbili, na ardhi ambayo watu wamezaliwa juu yake vizazi vitatu huku hati iko kwa mtu asiyewahi kukanyaga. Ukisikia mtu anasema sachi, yaani kukagua rekodi za ardhi, haina haja, kwani yeye ni mcha Mungu, funga mkoba wako uende zako. Sachi inafanywa ofisi ya ardhi, kwa namba ya ploti, na wakili wako mwenyewe, asiwe yule aliyeletwa na dalali.

Na hiyo ekari moja ya ndani ndani, Mwalimu, mimi nakukataza. Sisemi kwa sababu ya kuku. Kilifi hii yetu ina aibu ambayo hatupendi kuiandika: wazee wenye mvi huitwa wachawi, hufukuzwa, na wengine wameuawa. Ukichimba chanzo, mara nyingi unakuta shamba, na mtu mwenye haraka ya kulirithi. Kule Ganze, Kaya Godoma, wapo wazee waliokimbilia hifadhi wakiacha migomba na miembe waliyoipanda wenyewe. Hao wana koo, wana watoto, wanajua lugha na mila za pale. Wewe mwanamke mgeni, peke yako, na ekari yenye hati safi, jua likizama taa ya karibu iko mita mia tano? Hapana. Watu wa vijijini si wabaya, wengi wao ni wema kuliko sisi wa mjini. Ila usijiweke mahali ambapo usalama wako unategemea kila mtu awe mwema kila siku.

Kuhusu Wundanyi nitasema kidogo. Kaka yako anakutakia heri, naamini. Muulize hati ya kiwanja cha baba iko kwa jina la nani. Akisita, umeshajibiwa. Asiposita, bado fikiria baridi ya Taita na presha yako, na mlima wa kupanda ukitoka kanisani.

Sasa nikuulize wewe. Voi imekukosea nini? Ndovu, sawa. Joto, hata Malindi lipo, tena la jasho. Lakini nusu ya bodaboda wa Voi wewe ndiye uliyewafundisha a e i o u. Ukianguka sokoni, kuna atakayepiga kelele "Mwalimu!" kabla hujafika chini. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapo hapo mjini. Treni inasimama, unafika Mombasa hujamaliza gazeti. Nyumba ni yako, kodi sifuri. Rudi kwenye hesabu yetu ya juu uondoe Sh9,000 uone ulivyo tajiri. Ningekuwa dada yako wa tumbo moja ningekuambia ubaki, halafu uje baharini kila likizo ya wengine.

Lakini umesema roho, na mimi siwezi kubishana na roho ya mtu aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote. Basi fanya hivi. Usiuze nyumba ya Birikani. Ipangishe, hata kwa Sh6,000, ikulipie sehemu kubwa ya kodi ya huku. Kiinua mgongo usikimwage kwenye saruji. Kiasi weka sacco, kiasi nunua hatifungani za serikali kupitia Benki Kuu, unaanza na Sh50,000 na riba yake huja kila miezi sita. Subiri pensheni ianze kuingia ukiwa Voi, kwenye duka linalokukopesha. Kisha njoo Malindi, upange, na uje Mei. Usije Januari. Mei mvua inamimina, kuta zinatoa ukungu, mwani umejaa ufukweni, hoteli zimefungwa na mji umenuna. Ukikaa mwaka kuanzia hapo na bado unaitaka Malindi, basi ni penzi, na hata hapo endelea kupanga.

Wiki ya kwanza usihangaike na mapazia. Nenda parokia ujiandikishe jumuiya. Mpe jirani mmoja ufunguo wa akiba, umchague kwa macho yako wala si kwa kuwa mlango wake uko karibu. Bandika karatasi ndani ya mlango: dawa unazotumia na vipimo vyake, namba ya SHA, simu ya kaka yako, na unataka kuzikwa wapi. Usinitolee macho. Nimeona maiti ikikaa chumba baridi ikila pesa kila siku kwa kuwa hakuna aliyejua kwao ni wapi.

* * *

Bi Mkubwa, salaam aleikum. Nina miaka 71, mke wangu ametangulia mbele ya haki. Nakaa nyumba ya urithi hapa Mkomani, Lamu, ghorofa mbili. Watoto wako Mombasa na Oman, wanataka tuiuze kwa Mzungu nihamie Mombasa kwenye fleti. Mimi sitaki, lakini ngazi zimenishinda.

Mzee, Lamu

Waaleikum salaam, kaka yangu. Usiende fleti. Hamia chini. Jenga choo na jiko dogo la gesi chini, lakini kabla fundi hajagonga ukuta pita ofisi ya hifadhi ya makumbusho, maana mji wa kale unalindwa na ukibomoa kiholela utasimamishwa nusu ya kazi na mchanga ukiwa mlangoni. Juu pangisha mwalimu au muuguzi aliyehamishiwa Lamu, kwa kodi nafuu, ili kuna miguu inayosikika juu yako usiku. Na la kuuza: kama urithi haukugawanywa, hakuna wa kuuza peke yake, si wewe, si wao. Kwanza kadhi aitoe mirathi, kila mtu ajue fungu lake. Utashangaa haraka yao itakavyopungua.

* * *

Bi Mkubwa, mimi ni mwanamume, miaka 62, mstaafu, tumeachana na mke. Malindi naipenda ila sijui kupika hata chai. Nitaishije?

Msomaji, Kisauni

Mama wa vibanda watakulisha, na watakulisha vizuri: chapati, samaki wa kukaanga, wali wa nazi, kila siku chumvi na mafuta, mpaka daktari akuulize unakaa na nani. Anza na chai. Maji kikombe, maziwa kikombe, majani kijiko kidogo, tangawizi ukipenda, na usiache sufuria ukaenda kuangalia mpira. Maziwa yakipanda, zima. Ukiimudu, niandikie tena nikupe wali.